Maisha ya Vestina Niyitegeka, Mpambaji wa Noeli wa Kumsenga

Baba Padre, katekista wetu, wazee wa pande zote mbili, majirani wa Kumsenga, na ninyi wageni mliotoka Kasulu mjini na ng'ambo ya mpaka, familia imenituma mimi Makarius Ndabagoye, mdogo wake Sylvesta aliyefiwa na mke, niwasomee maisha ya shemeji yetu tunayemsindikiza leo. Marehemu mwenyewe, alipoona ugonjwa umemzidi nguvu, aliomba yasomwe yote, pamoja na yale ambayo kwa kawaida misibani tunayaruka, kwa hiyo mkisikia humu jambo linalowahusu, msidhani kuna mtu amelipenyeza, ni yeye aliyelitaka.

Vestina Niyitegeka alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 katika mkoa wa Ruyigi, nchini Burundi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Nsabimana na mama Mpawenimana. Baba yake alikuwa fundi wa bati, akitengeneza koroboi, vikombe na vichujio vya kuuza gulioni, na Vestina, tangu hajaanza shule, alikuwa akikaa miguuni pa baba yake akiokota vipande vilivyobaki na kuvikata ndege, majani na samaki. Mzee hakumfukuza wala hakumsifu, alimwonya tu kwamba bati halina urafiki, na mtoto akalishika onyo hilo kiasi kwamba hadi utu uzima wake hakugusa kitu kigeni bila kukijaribu kwanza kwa ncha ya kidole.

Alianza shule ya msingi huko kwao mwaka 1986 na alikuwa darasa la sita ilipofika Oktoba 1993, rais wa Burundi alipouawa na mauaji yakaenea, siku ambazo wengi mliopo hapa mnazijua na hamhitaji kusimuliwa. Mapema mwezi Novemba familia iliondoka nyumbani kwa miguu kuelekea huku Kibondo, baba akisema watangulie, yeye anafunga vifaa vyake vya kazi atawafuata, na hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho waliyoisikia. Njiani, walipokuwa wamejificha katika matete karibu na mto, Vestina alikuwa amejifunga kiunoni shada la ndege zake za bati, na kila alipohema zikawa zinagongana, ndipo mama yake alipolikata lile shada kwa meno, akalizamisha kwenye matope na kumziba mwanawe mdomo kwa kiganja, huku watu wenye mapanga wakipita juu ya ukingo wakizungumza habari za kawaida kabisa, habari za chumvi na za mvua. Alimwambia mumewe baadaye kwamba kilichomtisha zaidi ni yale mazungumzo yao kuliko mapanga yenyewe, kwa sababu walikuwa wanaongea kama majirani.

Baada ya kuvuka walipelekwa kambi ya Mtabila, jirani na Kasulu, na huko Vestina akaendelea na masomo hadi alipomaliza elimu ya msingi mwaka 1997, akajifunza Kiswahili kilichochanganyika na maneno ya Kikongo na ya Kifaransa, kile ambacho sisi tulimcheka nacho alipokuja kuolewa, naye akatuvumilia.

Ni pale Mtabila, Desemba 1994, ndipo ilipoanza kazi ambayo ninyi nyote mnamjua kwayo. Vibanda vya turubai vilikuwa vidogo, ndani hapakuwa na nafasi ya kuweka hata mtungi, kwa hiyo Noeli ikabidi ikae nje, na watu ambao hawakuwa na kitu wakaanza kupamba milango yao kwa vile vilivyokuwa vimetupwa, makopo ya mafuta ya mgao, vizibo vya soda, utepe wa kanda za kaseti zilizokatika, karatasi za kung'aa za sigara, nyuzi za magunia. Hakuna aliyewafundisha, hakuna aliyepita na kielelezo, kila mmoja alifanya kama walivyokuwa wakifanya kwao, wengine wakisuka majani makavu ya migomba kuwa matao, wengine wakichonga mapapai na kuyatia mshumaa, wengine wakifinyanga pango la Bethlehemu lenye ng'ombe wa pembe ndefu badala ya kondoo, hata ikawa ukipita katikati ya vibanda unaweza kumtambua mtu ametoka kilima gani kwa kutazama kinachoning'inia mlangoni pake. Vestina alikata nyota kutoka kwenye mfuniko wa kopo, akaitoboa matundu madogo kwa msumari ili mwanga upite, na mama mmoja aliyekuwa akipita akasimama, akaitazama, akaanza kulia, kwa maana alimjua fundi aliyekuwa akitoboa koroboi kwa mtindo ule, alikuwa mzee Nsabimana.

Mama yake Vestina alipoona hivyo alimvuta binti yake ndani na kumwambia, "Ishushe. Kama rafiki ameitambua, na adui ataitambua." Wakaishusha. Lakini mwaka uliofuata Vestina aliitundika tena, na mwaka uliofuata tena, na hivyo ndivyo alivyokuwa hadi mwisho, mtu mwoga ambaye hakuweza kuacha kupamba.

Mwaka 1998 alianza kazi ya bati mjini Kasulu, kwenye kibaraza cha duka la mzee Athuman Badru, ambaye yupo nasi leo pamoja na mkewe mama Mwanahawa. Mzee Athuman alikuwa akimpa makopo matupu naye akimtengenezea vipimo vya maharage na vya mafuta ya taa, na ilipofika Desemba akaruhusiwa kuuza nyota, malaika na taji za milango. Watu walimuuliza mzee Athuman, yeye Mwislamu, mbona duka lake lina nyota ya Noeli juu ya mlango, akawajibu kwamba nyota ziliumbwa na Mwenyezi Mungu kabla ya maduka, na kwamba hii ameipenda kwa kazi ya mkono wake. Marehemu alimwita baba, naye alimwita mwanangu, na mahari ya Vestina ilipelekwa kwa mama Mpawenimana pale kambini, mzee Athuman akiwa ameketi upande wa wazazi.

Tarehe 20 Oktoba 2001 Vestina alifunga ndoa takatifu na Sylvesta Ndabagoye, mkulima wa Kumsenga, aliyekuwa akipeleka maharage Kasulu na ambaye, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alinunua vipimo vya bati vingi kuliko maharage aliyokuwa nayo. Mungu aliwajalia watoto watatu, Fidele aliyezaliwa tarehe 9 Februari 2003, Leokadia tarehe 27 Juni 2006 na Renatus tarehe 3 Mei 2011. Kwa njia ya ndoa alipata uraia wa Tanzania, jambo lililomwokoa mwaka 2012 kambi ya Mtabila ilipofungwa na watu wake kurudishwa, ingawa halikumwokoa na kuagana, maana mama yake alipanda gari la kurudi Burundi akiwa amebeba godoro na nyota moja ya bati, na hawakuonana tena hadi mama alipofariki mwaka 2016.

Hapa Kumsenga ndipo upambaji wake ulipokua. Kabla hajaja, sisi tulikuwa tukisimika migomba miwili getini na kufunga karatasi za chooni, basi. Yeye alianza kupamba ua mzima, kuta akizichora kwa udongo mweupe na masizi, mianzi akiifunga utepe wa kaseti uliokuwa ukicheza kwa upepo kama maji, miti ya kahawa akiivalisha vizibo, na chini ya paa la jiko akaweka pango lenye Yosefu aliyevaa koti la mvua na Mariamu aliyejifunga kitenge, kwa sababu alisema Desemba ya huku ina matope na baridi na hawezi kumwacha mama aliyetoka kujifungua akae na shuka. Wanawake wa jumuiya walikuja kutazama, wakarudi kwao wakajaribu, na baada ya miaka michache kila nyumba ya njia hii ikawa na mkono wake, wengine wakipenda maganda ya mayai, wengine vifuu, wengine chupa za maji zilizokatwa maua, na watu wa Kasanda wakawa wanakuja Jumapili kabla ya Noeli kutembea tu na kutazama. Hakukuwa na mshindi wala zawadi. Kama kuna kitu Kumsenga imewahi kuwa nacho ambacho hakikununuliwa dukani wala kuletwa na mtu wa semina, ni kile.

Ndugu waombolezaji, sasa nafika mahali pagumu.

Kuanzia mwaka 2015, kambi zilipojaa tena wakimbizi wapya wa Burundi wilayani kwetu, hofu ilirudi, watu wakasikia habari za ujambazi porini, za mtu aliyetekwa njiani, na kila aliyetamka maneno kwa lafudhi ya ng'ambo akawa anaangaliwa mara mbili, hata yule aliyekuwa amekaa nasi akizaa na kuzika. Vestina aliliona hilo mapema kuliko sisi. Aliacha kuongea Kirundi kisimani, akaacha kwenda gulioni peke yake, na Sylvesta alipomwambia anajitisha bure, alimjibu, "Wewe hujawahi kuwasikia wakiongea habari za chumvi."

Hata hivyo, Desemba 2017 alitengeneza nyota kubwa kuliko zote alizowahi kuzitengeneza, ya mabati chakavu na vipande vya kioo, akaipandisha juu ya mti mrefu wa mkaratusi uliosimikwa getini, na ilionekana hadi barabara kuu. Jumamosi ya tarehe 16 Desemba, alasiri, mvua ikaja na ngurumo, na radi, ambayo sisi kwa Kiha tunaiita inkuba, ikapiga nyumba ya jirani yetu Gervas Ntahondi, mashamba mawili kutoka hapa, ikamuua mke wake Jenista akiwa jikoni anachambua maharage. Jenista alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, aliwahi kumsaidia Vestina kufinyanga ng'ombe wa pangoni, naye tunamkumbuka leo kwa jina.

Jumapili tulimzika Jenista, na pale makaburini, kabla udongo haujatulia, maneno yalikuwa yameshaanza, kwamba inkuba haiji bila kuitwa, kwamba nani ametundika vyuma juu ya miti, kwamba nyota ile inameremeta kama inamkonyeza mtu. Vestina alikuwa amesimama nyuma na kanga kichwani, akayasikia, na alichomwambia mumewe walipofika nyumbani si kwamba watu wamemsingizia, alimwuliza, "Na kama ni kweli?" Usiku ule mzima hakuacha kumwuliza hivyo. Alijua bati linakata, alijua linang'aa na kugongana, lakini hakujua kama linaweza kuita, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza.

Jumatatu ya tarehe 18 Desemba, mchana, walikuja. Walikuja wengi, wengine wakiwa na mapanga, wengine fimbo, wengine mikono mitupu lakini wamekuja. Sylvesta alisimama mlangoni na sisi ndugu zake pembeni yake, watoto wakiwa chini ya kitanda, na sauti ya kwanza iliyosikika ilisema, "Mtoe huyo Mrundi na inkuba yake!"

Sylvesta akawaambia, "Huyu ni mke wangu. Mnamjua. Mmekula kwake."

"Tumekula bila kujua tunakula nini!" mwingine akajibu, na watu wakasogea.

Vestina alikuwa nyuma ya mlango. Alimsimulia Leokadia baadaye kwamba mkojo ulimtoka, na aliomba hilo lisomwe pia, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwamba alitoka nje kwa sababu ndani aliona watatu wake chini ya kitanda akajua moto ukianza utaanzia kwenye nyasi za paa la jiko lililounganishwa na nyumba. Akatoka, akasimama mbele ya Gervas, aliyekuwa ameshika panga na macho yamevimba.

Gervas akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mama Fidele. Ni wewe uliyeiita?"

Mtu mwingine yeyote angesema hapana. Sisi sote tulikuwa tunaomba kimoyomoyo aseme hapana. Yeye alisema, "Sijui, Gervas. Nilitundika kwa ajili ya Noeli, sikuita kitu. Lakini tangu Jumamosi najiuliza na mimi. Kama bati langu liliivuta inkuba kwa Jenista, sijui. Mawe, mama yangu, sijui."

Watu walipiga kelele, maana kwao hilo lilikuwa sawa na kukiri, na mtu akarusha jiwe likampata Vestina begani. Gervas ndiye pekee ambaye hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye matope, panga likiwa mapajani, akaanza kulia kama mtoto, na kwa kuwa mfiwa ameketi, wengine hawakujua wamfuate nani, wakayageukia mapambo. Waliukata mti wa nyota, wakavunja mianzi, wakaponda pango kwa visigino, wakakusanya yote na kuyachoma, kisha moto wakautia jikoni. Kabla haujafika nyumba kubwa, mwenyekiti wa kitongoji alifika na mgambo, familia ikapakiwa kwenye gari la mizigo ikiwa na nguo ilizovaa, ikapelekwa Kibondo mjini, na kesho yake Kasulu.

Kwa mara ya pili katika maisha yake Vestina alikuwa mkimbizi, safari hii ndani ya nchi yake. Mzee Athuman na mama Mwanahawa waliwapa chumba cha uani, na hapo waliishi mwaka mzima. Noeli ya mwaka ule Renatus, akiwa na miaka sita, alimwuliza, "Mama, mwaka huu Noeli haiji?" naye akamjibu, "Inakuja, ila itapita kimya." Hakushika mkasi wa bati. Wingu likitanda aliingiza ndani masufuria yote, akafunika kioo kwa kanga, akawakusanya watoto kitandani na kuwashika mpaka ngurumo iishe, hata Fidele aliyekuwa ameanza kuota ndevu alishikwa na hakukataa.

Siku moja, mvua ikikaribia, alimwendea mzee Athuman dukani mbele ya wateja akamwambia, "Baba, nakuomba uishushe ile nyota ya mlangoni."

"Mwanangu, ipo hapo tangu hujaolewa. Mvua ngapi zimepita?"

"Ishushe, baba. Likitokea jambo hapa, sitakuwa na pengine pa kwenda."

Mzee Athuman hakubishana tena. Alipanda juu ya gunia la mchele, akaishusha kwa mikono yake, akaifunga kwenye gazeti, na wateja wakaendelea kupimiwa sukari.

Oktoba 2018, mwanzoni mwa mvua, inkuba ilipiga tena Kumsenga, ikaua ng'ombe wa mwenyekiti wa kitongoji waliokuwa wamejikinga chini ya mti, na wakati huo hapakuwa na bati lililoning'inia kijiji kizima, hakuna nyota, hakuna kizibo, watu walikuwa wakianika hata masufuria ndani ya nyumba. Mwezi wa Novemba, asubuhi, Gervas Ntahondi alishuka kwenye gari stendi ya Kasulu, akauliza duka la Athuman, akamkuta Vestina uani anapepeta mchele. Mama Mwanahawa, aliyekuwapo, anasema Vestina alipomwona aliangusha ungo na kurudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Mwakeye, Mama Fidele," Gervas akamsalimu, akabaki amesimama mbali. "Sikuja na kitu. Tazama mikono."

Vestina aliitazama ile mikono.

"Inkuba imepiga ng'ombe wa mwenyekiti. Hapakuwa na nyota. Nimekaa na jambo hilo, limenishinda kulala nalo. Wewe ulinijibu ukweli siku ile, ulisema hujui. Sisi ndio tuliosema tunajua. Rudi nyumbani."

"Naogopa, Gervas."

"Na mimi naogopa. Kila wingu naogopa. Basi tuogope huko huko, kila mtu kwake."

Familia ilirudi Kumsenga Januari 2019. Jiko lilikuwa limeshajengwa upya, na hadi leo hakuna aliyesema nani alilijenga. Vestina hakumwuliza mtu, lakini hakuacha pia kuogopa, alitembea akiwa ameangalia chini, alisalimia kila mtu hata aliyemrushia jiwe, na alimwambia Sylvesta kwamba anawasalimia ili asikie sauti zao zikoje siku hiyo.

Ilipofika Desemba 2019 watoto walimwomba apambe. Alikataa, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba hakuna kitakachopita urefu wa goti. Akaanza kupamba ardhi. Alifagia ua ukawa kama mkeka, akachora juu yake kwa majivu, udongo mweupe, mkaa na vumbi la matofali, akapanga vizibo kichwa chini ndani ya udongo hadi vikawa mto, akatandika majani ya migomba yaliyosukwa, akalaza maganda ya kahawa kuwa mlima, na katikati akaweka pango dogo, paa lake la nyasi likifika muundi wa mguu. Ulipoingia getini ulilazimika kusimama, kuinamisha kichwa na kutafuta pa kukanyaga. Mvua ikinyesha ilifuta nusu ya kazi, naye aliianza upya bila kulalamika, tena alisema afadhali hivyo, maana kinachofutika hakiwezi kulaumiwa muda mrefu.

Hivi ndivyo ulivyozaliwa upambaji wa chini ambao leo mnauona kutoka hapa hadi Kasanda, na watu wakiulizwa wanasema ni mila ya huku. Familia inapenda ijulikane kwamba ulizaliwa kwa hofu ya mtu mmoja. Wanawake walianza kuja, mmoja mmoja, baadhi yao wakiwa wamekuja pia ile Jumatatu, wakaketi naye uani wakipanga vizibo, na habari ile haikutajwa. Desemba 2021 Gervas alimwomba apambe kaburi la Jenista. Vestina alimwambia hawezi, kwamba likitokea lolote kaburini pale hatabaki hai, na Gervas akasema basi watafanya wote wawili, mchana, mbele ya watu. Walipiga magoti upande huu na upande huu, wakachora ng'ombe wa pembe ndefu kwa udongo mweupe, Vestina akiangalia mbingu kila mara, na siku ile haikunyesha.

Marehemu alianza kuugua mwezi Machi 2024, akapimwa katika hospitali ya wilaya na kubainika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, akapewa rufaa kwenda Mwanza ambako alitibiwa kwa mionzi kwa vipindi kadhaa, akapata nafuu, akapamba Noeli ya mwaka jana akiwa ameketi kwenye kigoda na kuelekeza kwa fimbo. Septemba mwaka huu hali ilibadilika, na mwezi Novemba madaktari walishauri arudi nyumbani apate uangalizi wa karibu wa familia.

Katika siku hizo alimwambia mumewe maneno ambayo alitaka yasomwe kama yalivyo. "Sylvesta, mkinizika msiseme nilikuwa jasiri. Mtu akifa mnasema alikuwa jasiri. Mimi naogopa. Naogopa kufa, na naogopa kufa Desemba, maana mvua itanyesha kwenye msiba wangu na inkuba itanguruma, na watu watatazamana. Msalaba uwekeni wa mti, mfupi, msiniwekee chuma hata msumari. Asije mtu akapata baya kwa ajili yangu."

Alifariki dunia Jumatano ya tarehe 3 Desemba 2025, alasiri, nyumbani kwake, mvua ikinyesha. Iliponguruma mara ya kwanza alikuwa bado anasikia, akafumbua macho na kutafuta watoto wake kwa mkono. Fidele, Leokadia na Renatus walipanda kitandani, hata wale wakubwa, wakamshika. Majirani waliokuwa wamekuja kumwona hawakukimbilia makwao kama watu wanavyofanya radi ikianza, walibaki, wakakaa sakafuni, chumba kikajaa, Gervas akakaa kwenye kizingiti mlango ukiwa wazi. Akafa hivyo, katikati yetu, akiwa anaogopa, akiwa ameshikwa.

Ndugu waombolezaji, mmeiona mbingu ilivyo leo, na tumewaona baadhi yenu mkiitazama. Kama itanguruma kabla hatujamaliza, ni mwezi wa Desemba. Tunaomba mtu asitazamane na mwenzake. Msalaba umefungwa kwa kamba ya katani kama alivyotaka.

Familia imeamua pia kwamba ua wa nyumba hii utapambwa mwaka huu, Jumanne ya tarehe 23, na atakayependa aje na kile alichonacho, awe Mkristo au Mwislamu, mwenyeji au wa ng'ambo. Hatujui kuchora kama yeye, tutakosea, mvua itafuta.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya na wa Mwanza kwa huduma yao, padre na katekista kwa sakramenti, wanajumuiya kwa sala na kuni, mafundi bati wenzake wa soko la Kasulu, na mzee Athuman na mama Mwanahawa, ambao hatuna neno la kuwatosha. Tunawashukuru majirani wa Kumsenga, wote, bila kuchagua, mliowahi kuja kwenye ua huu kwa sababu yoyote ile. Gervas, aliyechimba kaburi tangu alfajiri na hakukubali kupokelewa jembe, Sylvesta ameomba nikutaje mwisho, na nimekutaja.

Vestina Niyitegeka, Mama Fidele, ya kukutisha yamekwisha, Bwana akupokee, pumzika kwa amani.